Volteji au mkondo: kusoma dalili za signali ya analogi isiyoaminika

Skrini inasema tanki limejaa asilimia 62, kumbe geji ya kioo ubavuni mwa tanki inaonyesha 55. Valvu imeagizwa ifunguke nusu, nayo imefunguka robo. Kasi ya mota inapanda na kushuka wakati hakuna aliyegusa kitu. Fundi mwenye haraka huagiza sensa mpya, na mara nyingi sensa mpya huja na ugonjwa uleule, kwa sababu kosa halikuwa kwenye sensa. Lilikuwa kwenye mpangilio wa pande mbili zinazopeana signali, au kwenye njia ya nyaya, au kwenye aina ya signali iliyochaguliwa siku ya kwanza. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Kuna paneli ambazo zimekarabatiwa mara nyingi kwa tatizo ambalo haliwezi kuisha mpaka signali ya volteji ibadilishwe kuwa ya mkondo.

Signali ya volteji, kama 0–10 V, 1–5 V au ±10 V, hubeba taarifa katika tofauti ya volteji kati ya nyaya mbili. Volteji yoyote inayoongezeka au kupotea njiani inahesabiwa kama sehemu ya kipimo. Signali ya mkondo, kwa kawaida 4–20 mA (miliampia), hubeba taarifa katika kiasi cha mkondo unaozunguka saketi nzima. Transmita, yaani kifaa kinachogeuza kipimo cha sensa kuwa signali, hujirekebisha yenyewe mpaka mkondo unaotakiwa upite, hivyo ukinzani wa kebo haubadilishi kipimo, na volteji ndogo inayoingilia njiani haibadilishi kipimo, mradi chanzo cha umeme kiwe na volteji ya kutosha. Sharti hilo la mwisho ndilo chanzo cha hitilafu nyingi za mkondo, na tutalirudia.

Hesabu za kukaa nazo kichwani: 4 mA ni asilimia 0, 8 ni 25, 12 ni 50, 16 ni 75, 20 ni 100. Kwa thamani nyingine, toa 4, gawa kwa 16, zidisha kwa 100. Rezista ya 250 Ω (omu, kipimo cha ukinzani) hugeuza 4–20 mA kuwa 1–5 V. Ya 500 Ω huigeuza kuwa 2–10 V.

Kabla ya kugusa waya

Weka kidhibiti kwenye hali ya mkono na umwambie opereta. Ukikata saketi ya 4–20 mA wakati kidhibiti kiko otomatiki, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo) itaona kipimo kimeanguka chini na itafungua valvu au kuongeza moto ili kufidia. Angalia pia kama signali hiyo imefungwa kwenye mfumo wa kuzima mtambo kwa usalama. Katika maeneo yenye gesi au vumbi linaloweza kulipuka, usifungue terminali yoyote bila kibali cha kazi.

Kwenye multimita, waya mwekundu ukibaki kwenye tundu la ampia kisha ukapima volteji, umeunganisha nyaya mbili moja kwa moja kupitia kifaa chako. Fyuzi ya kifaa, ya paneli au ya kadi ya maingizo ya PLC itakatika, na utakuwa umeongeza hitilafu ya pili juu ya ile uliyokuja kuitafuta. Kila inapowezekana pima mkondo bila kukata saketi: soma volteji juu ya rezista ya 250 Ω na ugawe kwa 250 (volti 3 ni 12 mA), au tumia kipimo cha kubana waya kinachosoma miliampia. Transmita nyingi zina terminali za majaribio kwa kazi hiyo.

Kipimo ni sahihi kikiwa juu, lakini kinakosea kikiwa chini

Hii ni dalili ya mpangilio, na inatambulika kwa namba peke yake. Tanki tupu linasoma asilimia 20, nusu linasoma 60, limejaa linasoma 100. Transmita inatuma 4–20 mA lakini ingizo limepangwa 0–20 mA. Kwenye PLC za Siemens ambazo hutumia 0 hadi 27648, utaona takriban 5530 pale ulipotarajia sifuri.

Kinyume chake: kifaa kinatuma 0–20 mA na ingizo linatarajia 4–20. Hapo 10 mA, ambayo kwa mtumaji ni nusu, inasomwa 37.5, na chini ya 4 mA kadi inatoa kengele ya waya uliokatika wakati waya ni mzima. Uhusiano uleule upo kati ya 0–10 V na 2–10 V: volti 5 ni asilimia 50 upande mmoja na 37.5 upande mwingine. Ukiona 37.5 mahali pa 50, acha bisibisi mfukoni na ufungue programu.

Kumbuka kwamba upanuzi wa kipimo, yaani kugeuza namba ghafi kuwa asilimia au kipimo halisi, unaweza kufanyika mara mbili: mara ya kwanza kwenye mpangilio wa kadi, mara ya pili kwenye msimbo wa programu. Mtu akirekebisha kote kuwili, kosa linageuka upande.

Kipimo kimeganda, au kimeporomoka mara tu kifaa kilipounganishwa

Maingizo mengi ya PLC na ya viendeshi vya mota hukubali aina zote mbili, na huchaguliwa kwa swichi ndogo za DIP, kwa jampa au kwa programu. Kwenye viendeshi vingi yanatakiwa yote mawili, swichi na kigezo cha programu, na moja likisahaulika signali haisomeki ipasavyo.

Ingizo likiwa kwenye mkondo na mtumaji ni wa volteji, ndani yake kuna ukinzani mdogo, kwa kawaida 250 Ω au karibu na hapo. Volti 10 ingehitaji 40 mA. Mtumaji mwenye kikomo cha 10 mA atatoa volti 2.5 tu, na multimita itakuonyesha signali nzuri ukichomoa waya na signali mbovu ukiurudisha. Tabia hiyo, nzuri ikiwa wazi na mbovu ikiunganishwa, ndiyo alama yake. Potenshomita ya 10 kΩ ndiyo huumia zaidi: inakaa karibu na sifuri kwa sehemu kubwa ya mzunguko wake, kisha inaruka mwishoni.

Ingizo likiwa kwenye volteji na mtumaji ni wa mkondo, ukinzani wa ndani mara nyingi ni 100 kΩ au zaidi. Mkondo hauna pa kupita. Volteji inapanda hadi karibu na ile ya chanzo, kipimo kinaganda juu ya asilimia 100, na transmita ya nyaya mbili inakufa kwa kukosa umeme. Usiiache hivyo kwa muda, kwa kuwa si kila ingizo la 10 V linavumilia 24 V.

Signali ya mkondo inapanda vizuri halafu inagota

Tanki linasoma vizuri hadi asilimia 70 hivi, kisha namba inakataa kupanda ingawa maji yanaendelea kujaa. Mafundi hulaumu sensa, wengine hudhani imejaa tope. Chanzo cha kawaida ni volteji isiyotosha saketi.

Piga hesabu hii. Chanzo ni 24 V. Transmita inahitaji angalau 12 V kwenye terminali zake (soma bamba lake au kitabu chake, zinatofautiana). Zinabaki 12 V za kugawana na kila kitu kingine. Rezista ya ingizo ni 250 Ω. Kizuizi cha usalama cha zena kwa ajili ya eneo hatari huwa na takriban 300 Ω. Kebo ya 0.5 mm² ina karibu 36 Ω kwa kilomita kwa kila waya, kwa hiyo mita 500 kwenda na kurudi ni 36 Ω. Jumla ni 586 Ω. Mkondo mkubwa kabisa unaoweza kupita ni 12 ÷ 586, yaani 20.5 mA. Imefika, lakini bila akiba yoyote. Hata onyo la hitilafu la 21 mA haliwezi kupita hapo.

Sasa terminali moja ikiota kutu na kuongeza 200 Ω, kikomo kinakuwa 15.3 mA, na kipimo kinagota kwenye asilimia 70. Chanzo kikishuka hadi 22 V, hata bila kutu, kinagota kwenye 17 mA, sawa na asilimia 82. Saketi ilifanya kazi siku ya kukabidhiwa kwa sababu hakuna aliyeipima ikiwa juu.

Jinsi ya kuthibitisha: kipimo kikiwa kimegota, pima volteji kwenye terminali za transmita. Ikiwa imelingana na kiwango cha chini cha kifaa au iko chini yake, umepata jibu. Kisha pima volteji juu ya kila sehemu ya saketi moja moja. Juu ya terminali nzima utaona milivolti chache. Ukiona volti mbili au tatu, hapo ndipo zinapopotelea. Suluhisho hufuata chanzo: safisha na ukaze terminali, rekebisha chanzo cha umeme, ondoa rezista isiyo ya lazima, weka kebo nene, au tumia kitenganishi cha signali ambacho kinailisha transmita chenyewe. Kama saketi inatumia HART (mawasiliano ya kidijitali yanayopita kwenye nyaya zilezile za 4–20 mA), usiishushe chini ya 250 Ω hivi, la sivyo kifaa cha mawasiliano hakitaisikia transmita.

Signali ya volteji inayumba kifaa kinapofanya kazi

Hapa pana kutoelewana kukubwa. Watu husema 0–10 V haifai masafa kwa sababu volteji hupotea kwenye kebo. Lakini hesabu inakataa: mita 200 za kebo ya 0.5 mm² ni 14.4 Ω kwenda na kurudi, na ingizo lina 100 kΩ. Kinachopotea ni asilimia 0.014. Hakuna atakayeiona.

Tatizo halisi ni waya wa kurudi unaofanya kazi mbili. Sensa na viendeshi vingi vya volteji vina nyaya tatu: chanya ya umeme, signali, na 0 V moja inayotumika kwa umeme na kwa signali. Mkondo wa kukiendesha kifaa unarudi kwenye waya uleule ambao signali inaupimia. Chukua mita 100 za 0.5 mm²: waya mmoja una 3.6 Ω. Sensa inayotumia 40 mA inainua 0 V yake kwa milivolti 144, na PLC inasoma asilimia 1.4 zaidi ya ukweli, muda wote. Hiyo unaweza kuifuta kwa kurekebisha sifuri na usijue kamwe kwamba ipo.

Sasa weka kiendeshi cha valvu kinachovuta 300 mA kinapozunguka. Ni 1.08 V kwenye waya wa kurudi. PLC imetuma volti 5. Kiendeshi, kikipima kutoka kwenye 0 V yake iliyoinuka, kinaona volti 3.92. Kinaamini kimepita pale kilipoagizwa na kinasimama. Kikisimama mkondo unaanguka, 0 V inashuka, signali inarudi kuwa volti 5, nacho kinaondoka tena. Valvu inacheza mbele na nyuma usiku kucha, gia zinasagika, na mtu anabadilisha viwango vya PID (hesabu ya kidhibiti) ambavyo havina kosa lolote.

Kipimo cha kuthibitisha ni kimoja: weka multimita kati ya 0 V ya paneli na terminali ya 0 V ya kifaa, kwa waya mrefu wa majaribio, huku kifaa kikifanya kazi. Kunapaswa kuwa na milivolti chache. Ukiona nusu volti, usitafute kwingine. Vuta waya wa pili wa kurudi kwa ajili ya signali peke yake, kutoka kwenye terminali ya kifaa hadi kwenye hasi ya ingizo linalopima tofauti, au umeme wa kifaa uchukue kebo yake nene. Kifaa kikiwa na uwezo wa 4–20 mA, badilisha aina ya signali na uachane na mjadala huo.

Vifaa vya 24 V AC, kama viendeshi vya dampa (vilango vya kupitishia hewa) kwenye mifumo ya hewa, vina mtego wa ziada. Vifaa viwili kwenye transfoma moja vikiunganishwa kwa pande zilizobadilishana, njia ya 0 V ya signali inakuwa njia ya kuishotisha transfoma. Upande uleule wa transfoma lazima uwe terminali ya 0 V ya kila kifaa, bila ubaguzi.

Namba zinaruka mota inapowashwa

Kwanza tenganisha: kelele inaingia kwenye kebo au iko ndani ya paneli? Chomoa nyaya za nje. Kwa ingizo la volteji, funga betri ya 1.5 V kwenye terminali zake. Inapaswa kusoma asilimia 15 au zaidi kidogo, imetulia. Kwa ingizo la mkondo ambalo halitoi umeme wake lenyewe, betri ya 9 V ikiwa mfululizo na rezista ya 500 Ω, pamoja na 250 Ω za ndani, inatoa karibu 12 mA. Betri haina uhusiano wowote na athi (muunganisho wa ardhini) wala na mtandao wa umeme, kwa hiyo ni shahidi mzuri kuliko chombo kinachochomekwa ukutani. Namba zikitulia na betri huku mota inazunguka, kelele inakuja kwa kebo. Zikiendelea kuruka, tafuta ndani: chanzo cha umeme, kadi, athi ya paneli, koili za kontakta zisizo na kizuia mruko wa volteji.

Kelele ya kebo huingia kwa njia ambazo volteji na mkondo huzipokea tofauti. Uga wa sumaku wa kebo ya mota hupenyeza volteji mfululizo ndani ya waya wa signali. Kwenye 0–10 V volteji hiyo inajumlishwa moja kwa moja kwenye kipimo: milivolti 50 ni nusu asilimia. Kwenye 4–20 mA, transmita ina ukinzani mkubwa sana kwa upande wake wa kutoa, hivyo volteji ileile karibu haisogezi mkondo. Hii ndiyo sababu hasa ya viwanda kupenda mkondo.

Hata hivyo mkondo hauponyi ufungaji mbaya. Tumia jozi ya nyaya iliyosokotwa yenye kinga (ganda la chuma linalozizunguka nyaya). Kinga iunganishwe kwenye athi upande wa paneli, na upande wa sensa ikatwe na kufunikwa, kama kelele ni ya 50 Hz. Kelele ya kiendeshi cha mota ni ya masafa ya juu. Hapo cha kushughulikia kwanza ni kebo ya mota yenyewe, kinga yake ibanwe mzunguko mzima kwa klampu pande zote mbili, kwenye kiendeshi na kwenye mota. Kuisokota kinga kuwa mkia mrefu na kuufunga kwenye skrubu kunapunguza sana faida yake. Acha angalau sentimita 20 hadi 30 kati ya kebo za signali na za nguvu, na zinapolazimika kupishana zipishane kwa pembe ya mraba.

Kuongeza kichujio kwenye programu kunatuliza skrini, na wakati mwingine ndiyo tiba sahihi. Lakini kichujio cha sekunde 5 kwenye saketi ya presha inayobadilika kwa nusu sekunde kinamnyima kidhibiti habari anayoihitaji, na mtambo utaanza kuyumba kwa sababu mpya.

Kosa lisilobadilika, au linalofuata mitambo mingine

Kipimo kimezidi kwa asilimia 4 asubuhi, kwa 7 mchana mashine zote zikiwaka. Tafuta athi mbili. Sensa imefungwa kwenye bomba la chuma lenye athi yake, PLC ina athi yake, na kati ya athi hizo kuna volteji inayobadilika kadiri mikondo ya mtambo inavyopita ardhini. Kwenye 0–10 V volteji hiyo inaingia kwenye kipimo. Kwenye 4–20 mA, saketi ikigusa athi sehemu mbili, sehemu ya mkondo inapita njia ya mkato badala ya kupita kwenye ingizo. Chomoa signali kwenye paneli na upime kati ya kila waya wake na athi ya paneli, volteji kwanza, kisha ukinzani kama hakuna volteji. Tiba ni kitenganishi cha signali, au transmita iliyotenganishwa ndani kati ya sensa na signali. Kuikata athi ya usalama ya kifaa ili namba zipone ni hatari kwa maisha ya watu, haifanywi.

Signali ya mkondo inayosoma juu baada ya mvua

Maji kwenye kisanduku cha maunganisho hutengeneza njia ya pembeni kati ya nyaya mbili. Kwenye saketi ya nyaya mbili, mkondo huo wa pembeni unajumlishwa na ule wa transmita. Uvujaji wa 20 kΩ kwenye volti 20 ni 1 mA, yaani asilimia 6.25 ya ziada. Kipimo kinarudi sawa jua likiwaka, na ndiyo sababu hitilafu hii huishi muda mrefu bila kupatikana. Ondoa transmita kwenye nyaya ukiacha umeme: mkondo unapaswa kuwa sifuri kamili. Chochote kinachosalia ni uvujaji. Kinga ya radi iliyokwisha kuathirika huleta dalili ileile bila mvua. Ichomoe saketini na upime tena. Ukitaka kutumia mega (kipimo cha insulesheni chenye volteji kubwa) kwenye kebo, chomoa kwanza vifaa vyote vya elektroniki pande zote mbili.

Sifuri kabisa

Kwenye 4–20 mA, sifuri kabisa ni habari: waya umekatika, fyuzi imekufa, au hakuna anayeilisha saketi. Pendekezo la NE 43 la NAMUR (jumuiya ya watumiaji wa vifaa vya otomatiki viwandani) linaweka kipimo halali kati ya 3.8 na 20.5 mA, na hitilafu ni 3.6 mA kushuka chini au 21 mA kwenda juu. Panga kengele za PLC kwa mipaka hiyo, na uangalie transmita imepangwa kuonyesha hitilafu kwa kushuka au kwa kupanda, kwa maana programu lazima ijue.

Kwenye 0–10 V, waya uliokatika na kipimo cha sifuri halali vinafanana. Baya zaidi, ingizo lenye ukinzani mkubwa likiachwa wazi linaweza kuelea na kusoma chochote. Fikiria tanuri ambalo sensa yake ya 0–10 V imekatika: kidhibiti kinaona baridi na kinaongeza moto. Mahali ambapo kukatika kwa waya kunaweza kuumiza mtu au kuharibu mtambo, 0–10 V si chaguo. Ikibidi iwe volteji, chukua 1–5 V au 2–10 V.

Kama waya ni mzima lakini mkondo ni sifuri, uliza nani anatoa umeme. Chomoa transmita kwenye ingizo, kisha pima volteji kila upande peke yake. Upande mmoja tu ndio unapaswa kuwa na umeme, kwa kawaida karibu 24 V. Pande zote zikiwa sifuri, transmita ya nyaya mbili imeunganishwa kwenye ingizo lisilotoa umeme. Weka chanzo cha 24 V mfululizo. Pande zote zikiwa na umeme, transmita ya nyaya nne inasukumana na kadi inayotoa umeme wake. Hamia kwenye terminali za kadi zisizotoa umeme, au weka kitenganishi katikati.

Wapokeaji wengi wa signali moja

Mkondo huunganishwa mfululizo, volteji sambamba. Wapokeaji watatu wa 250 Ω ni volti 15 kwenye 20 mA, na transmita ya 12 V haitapata cha kwake kutoka kwenye 24 V. Wapokeaji wasiotenganishwa, ambao hasi zao zimefungwa kwenye 0 V moja, huleta shida nyingine: wa kwanza anasoma vizuri na waliomfuata wanasoma sifuri, kwa sababu mkondo umesharudi nyumbani kabla ya kuwafikia. Ukimchomoa mmoja, wote wanakufa. Njia safi ni kupokea signali mara moja kwa 250 Ω kisha kugawa 1–5 V ndani ya paneli, au kutumia kigawa signali.

Kwa hiyo uchague ipi?

Signali inayotoka nje ya paneli na kupita karibu na mota au viendeshi: 4–20 mA. Signali ambayo kukatika kwake lazima kujulikane mara moja: 4–20 mA. Umbali wa mamia ya mita, sensa isiyo na umeme wake, eneo lenye hatari ya mlipuko: 4–20 mA ya nyaya mbili.

Volteji ina mahali pake halali. Ndani ya paneli moja, kati ya kadi na kiendeshi kilicho umbali wa mita moja au mbili, 0–10 V ni rahisi na inapimika bila kukata waya. Amri ya kasi ya mota ya servo inayokwenda pande mbili hutumia ±10 V, kwa kuwa 4–20 mA haina upande hasi wa kawaida na signali ya volteji hufuata mabadiliko ya haraka bila taabu. Potenshomita ya opereta kwenye mlango wa paneli haina haja ya transmita. Viendeshi vya dampa kwenye majengo huja na 0–10 V, na hufanya kazi vizuri pale njia ya kurudi inapoheshimiwa.

Ukiamua kuhama kutoka volteji kwenda mkondo kwenye mtambo unaoendelea, angalia kwanza kama sensa iliyopo ina mpangilio wa 4–20 mA, nyingi zinazo. Zima umeme, badilisha swichi na kigezo pande zote mbili kabla ya kuuwasha, kisha rekebisha upanuzi kwenye kadi na kwenye programu. Kama ingizo ni la volteji tu, rezista iwekwe kwenye terminali za PLC. Ukiiweka kwenye sensa, kebo yote inabeba volteji tena na hujapata faida yoyote. Chagua rezista ya usahihi wa 0.1%, ya 1% inaleta hadi asilimia 1 ya kosa, na 270 Ω badala ya 250 inaongeza asilimia 8 kwenye volteji. Kwa kazi ya kawaida inachoma wati 0.1 tu, lakini transmita ikishoti itapokea 24 V nzima, yaani wati 2.3, na itaungua. Weka fyuzi ndogo ya 50 mA mfululizo, au tumia chanzo chenye kikomo cha mkondo. Maliza kwa kutuma 4, 8, 12, 16 na 20 mA kwa kalibreta kutoka kwenye ncha ya sensa, uandike alichosoma opereta kwenye skrini kwa kila hatua, na uiache saketi kwenye 20 mA kwa dakika kadhaa kabla ya kurudisha otomatiki.